Ngome ya ubongo na sindano ya mgongo

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Juma hili nataka tuzungumzie sindano moja ambayo watu wengi wanaiogopa kuliko kisu cha upasuaji. Ni sindano ya kutolea maji ya mgongo. Katika wodi zetu za Kanda ya Ziwa, daktari anapotamka kuwa mgonjwa atolewe maji ya mgongo, ndugu huanza kutazamana. Mmoja hutoka nje kupiga simu kijijini. Mwingine huanza kukunja shuka, tayari kwa kuondoka. Mitaani husemwa kuwa fulani alitolewa maji jioni na alfajiri akawa maiti. Wengine husema kuwa aliyepona hakutembea tena.

Maneno hayo si ya kupuuzwa. Mtu aliyezika hana sababu ya kutudanganya. Lakini mambo mawili yakifuatana, si lazima la kwanza liwe limezaa la pili. Mvua ikinyesha baada ya jogoo kuwika, hatusemi jogoo ndiye aliyeileta. Hivyo leo tuulizane: maji hayo ni ya nini, yanatoka wapi, na kwa nini daktari anayataka?

Tuanze na ubongo wenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu, nao ni laini kama maziwa yaliyoganda. Kitu laini namna hiyo hakiwezi kukaa kikavu ndani ya mfupa mgumu. Kingepondeka siku ya kwanza ambayo mtu anajikwaa kwenye mawe haya ya Mwanza. Kwa sababu hiyo ubongo umejengewa ngome.

Ukuta wa nje ni fuvu. Ndani ya fuvu kuna tando tatu. Wa kwanza ni mgumu kama ngozi ya ngoma, na umeshikamana na mfupa. Wa pili ni mwembamba, wenye nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Wa tatu ni laini mno, nao umeufunika ubongo ukifuata kila bonde na kila kilima chake, kama ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda la yai. Tando hizo haziishii kichwani. Zinashuka ndani ya uti wa mgongo hadi chini ya kiuno, zikiufunika ule mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo.

Kati ya utando wa pili na wa tatu ndipo yalipo maji yetu. Ni maji maangavu, ukiyaweka katika chupa huwezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Ubongo unaelea ndani yake. Na kila aliyewahi kubeba jiwe ndani ya ziwa anajua kwamba kitu kilichomo majini hupungua uzito. Ubongo wa gramu 1,400, ukielea katika maji hayo, huwa kama una gramu 50 tu.

Maji hayo yanatengenezwa ndani ya ubongo wenyewe. Humo kuna vyumba vinne vilivyounganishwa kwa njia nyembamba. Katika kuta za vyumba hivyo kuna vishada vya mishipa midogo ya damu, navyo ndivyo vinavyochuja maji kutoka kwenye damu. Maji hutoka chumba hadi chumba, hutokea nje kwenye tando, huzunguka ubongo na mgongo, kisha hunywewa na kurudishwa katika damu. Kwa wakati mmoja mtu mzima ana kama mililita 150 za maji haya. Lakini kwa siku nzima mwili hutengeneza kama mililita 500. Maana yake ni kwamba maji ya ubongo hubadilishwa yote mara tatu na zaidi kila siku.

Naomba mkumbuke hesabu hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Ngome hii ina ukuta mwingine ambao hauonekani kwa macho. Mwaka 1885, mtafiti Paul Ehrlich wa Ujerumani aliwachoma wanyama sindano za rangi katika damu. Viungo vyote vikabadilika rangi, lakini ubongo ukabaki mweupe. Mwaka 1913 mtafiti Edwin Goldmann akafanya kinyume chake: aliitia rangi katika maji ya ubongo, na safari hii ubongo ukapata rangi na mwili ukabaki kama ulivyo. Ikadhihirika kuwa kati ya damu na ubongo kuna mpaka.

Mpaka huo uko katika mishipa midogo kabisa ya damu iliyomo ndani ya ubongo. Hukadiriwa kuwa mishipa hiyo ikiungwa pamoja hufika kilometa 600, yaani zaidi ya nusu ya safari ya kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Kwingine mwilini kuta za mishipa ya namna hii zina nafasi ndogo ndogo za kupitishia vitu. Katika ubongo nafasi hizo zimezibwa. Wavuvi wetu wanazifahamu habari za macho ya nyavu: wavu wa sangara humwachia dagaa apite, wavu wa dagaa haumwachii. Huu wa ubongo una macho madogo kuliko yote. Hewa safi hupita. Sukari hupita, kwa sababu ina wapagazi maalumu wa kuivusha. Vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupita pia, ndiyo maana gongo haiombi kibali. Dakika chache tu baada ya kunywewa imekwisha ingia kichwani. Lakini vijidudu vingi huzuiwa. Na hapa ndipo penye kitendawili: dawa nyingi nazo huzuiwa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ngome hii ni ya kuwili. Adui akiwa nje, inatusaidia. Adui akishaingia ndani, ukuta ule ule unamlinda yeye dhidi ya dawa zetu.

Kuuona ukweli huo hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Ulionekana hapa hapa, kwenye fukwe za ziwa letu, kwa gharama kubwa ya roho za watu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulizuka upande wa kaskazini wa ziwa, katika Busoga na visiwa vya Buganda. Mwaka 1901 madaktari wamisionari wa Mengo, akina Cook, walianza kuwaona wagonjwa hospitalini kwao. Watu walikonda, wakachanganyikiwa, wakalala mchana na kukesha usiku, kisha wakafa. Katika miaka iliyofuata walikufa watu zaidi ya 200,000. Chanzo hakikujulikana.

Mwaka 1902 tume ya wanasayansi kutoka Uingereza ilifika Entebbe. Miongoni mwao alikuwamo Mwitalia kijana, Aldo Castellani. Wakati huo ufundi wa kutoa maji ya mgongo ulikuwa mpya. Ulianzishwa na daktari Mjerumani Heinrich Quincke mwaka 1891. Castellani aliwatoa maji wagonjwa wa malale, akayatazama kwa hadubini, na humo akaona vijidudu vinavyojipinda kama vifunza vidogo. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakathibitisha kuwa vijidudu hivyo huenezwa na mbung'o. Yaani siri ya ugonjwa uliokuwa ukiteketeza watu wa ziwa hili ilifichuliwa na sindano ya mgongo. Sindano ile ile inayotufanya tukunje shuka.

Kujua adui ni jambo moja, kumfikia ni jambo jingine. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari maarufu wa Kijerumani, alikuja Afrika ya Mashariki, akapitia hapa Mwanza na kisha akaweka kambi katika visiwa vya Sese. Aliwachoma wagonjwa dawa yenye aseniki iliyoitwa Atoxyl. Mwanzoni mambo yalipendeza, vijidudu vikatoweka kwenye damu. Lakini havikuwa vimekwisha. Ugonjwa ukarudi. Dozi zikaongezwa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho. Dawa ilikuwa ikisafisha damu, na adui amejificha nyuma ya ukuta.

Upande wetu huu malale yalijitokeza mwaka 1922 huko Maswa, mashariki ya Mwanza, nayo yalikuwa ya aina kali zaidi, ambayo huvuka kwenda kwenye ubongo katika muda wa majuma au miezi michache. Kwa aina hiyo, dawa iitwayo suramini hutibu ugonjwa ukiwa bado katika damu tu, kwa kuwa haipenyi ukuta. Kwa waliochelewa, kuanzia mwaka 1949 ilipatikana dawa nyingine yenye aseniki, melarsoproli. Hiyo ilipenya, lakini kwa ukali wake iliua yenyewe kama mgonjwa mmoja kati ya kila 20 waliotibiwa. Wagonjwa walieleza kuwa ikiingia mshipani huunguza kama moto. Baada ya majaribio yaliyofanywa Uganda na Malawi, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii ya malale. Vidonge hivyo humezwa kwa siku kumi, navyo hupita ukuta. Tangu siku za Koch hadi hapo ni zaidi ya miaka 100.

Siku hizi wagonjwa wa malale nchini ni wachache. Basi kwa nini daktari bado anataka maji ya mgongo?

Anayataka kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo. Jina hili nalo limetupoteza kidogo, kwa kuwa wengi hudhani ni maradhi ya mifupa ya mgongoni. La hasha. Ni uvimbe wa zile tando tatu, za kichwani na za mgongoni, baada ya bakteria, virusi au kuvu kuingia katika maji yake. Ndani ya maji hayo askari wa mwili ni wachache mno, hivyo mdudu aliyefanikiwa kuingia huzaana bila kupingwa. Bakteria wanaweza kumwua mtoto katika muda wa siku moja au mbili. Wasipomwua wanaweza kumwachia uziwi, kifafa au akili iliyodumaa.

Na hapa Kanda ya Ziwa tuna tatizo la ziada, nalo ni malaria. Mtoto ana homa, amepata degedege, amepoteza fahamu. Anapimwa damu na vijidudu vya malaria vinaonekana. Kila mtu anapumua: ni malaria imepanda kichwani. Yaweza kuwa kweli. Malaria ya namna hiyo ipo na inaua. Lakini ajabu yake ni kwamba vijidudu vya malaria haviuvuki ule ukuta. Hukaa ndani ya chembe za damu, zikanata na kuziba mishipa midogo ya ubongo, na ubongo ukavimba. Maji ya mgongo hubaki maangavu.

Sasa, katika sehemu zenye malaria nyingi kama zetu, mtoto anaweza kuwa na vijidudu hivyo katika damu na huku kinachomwua ni bakteria walio katika tando. Kwa kumtazama kitandani, watoto hao wawili wanafanana kama mapacha. Dawa zao hazifanani. Kipimo cha damu peke yake hakiwatenganishi. Maji ya mgongo ndiyo yanayowatenganisha. Yakitoka yenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele, muuguzi anajua kabla hata ya maabara.

Kwa watu wazima kuna jambo jingine. Mtu mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kupatwa na kuvu anayeingia katika tando. Huyu haji kwa kishindo. Huja na kichwa kinachouma kwa majuma, na vidonge vya kutuliza maumivu havisaidii kitu. Maji huzidi ndani ya fuvu mpaka mgonjwa anaona vitu viwili viwili. Kwa mgonjwa huyu kutolewa maji ni kipimo na ni tiba pia, kwa kuwa hupunguza msukumo kichwani. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Uganda na Afrika ya Kusini, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa waliotolewa maji tena siku za mwanzo za matibabu walikufa kwa uchache kuliko wasiotolewa. Nayo yanasema kinyume kabisa cha yale ya mitaani.

Turudi sasa kwenye hofu yenyewe. Je, sindano haiwezi kuutoboa mshipa mkuu wa fahamu na kumpoozesha mtu? Mshipa huo, kwa mtu mzima, huishia juu kidogo ya kiuno. Sindano huingizwa chini yake, katikati ya pingili, karibu na usawa wa mifupa ya nyonga. Hapo hakuna mshipa mkuu tena. Zipo nyuzi za fahamu zinazoning'inia majini kama mizizi ya magugu maji ziwani, na sindano ikija husogea pembeni. Maji yanayochukuliwa ni kama kijiko kimoja au viwili vya chai. Sasa ile hesabu: mwili unatengeneza mililita 500 kwa siku, yaani kama 20 kwa saa. Kilichochukuliwa hurudi katika muda wa nusu saa hivi.

Hata hivyo haifai kuipamba sindano hii kana kwamba haina neno. Wapo wanaoumwa kichwa siku chache baadaye. Wapo pia wagonjwa ambao daktari huamua wasitolewe maji kwanza, kwa mfano anapohofia kuna uvimbe mkubwa ndani ya kichwa. Hao huanzishiwa dawa bila kusubiri. Lakini anayekufa siku ya pili baada ya sindano, kwa kawaida ameuawa na ugonjwa uliokaa naye nyumbani siku tano. Alipewa vidonge vya duka la dawa, nusu dozi, ambavyo havikuwa na nguvu ya kupita ukuta kwa kiasi cha kutosha. Akapelekwa kuombewa, akapelekwa kwa mganga, na alipofika hospitali ngome ilikuwa imekwisha tekwa.

Neno la mwisho ni juu ya watoto wachanga. Maambukizo ya siku za kwanza za maisha yanaweza kuacha makovu katika zile njia nyembamba kati ya vyumba vya ubongo. Maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayapati pa kutokea. Mifupa ya fuvu la mtoto haijaungana, basi kichwa hukua. Hao ndio watoto wenye vichwa vikubwa, ambao baadhi yetu huwaficha ndani tukisema wamerogwa. Huko Mbale, Uganda, kuanzia mwaka 2001, daktari Benjamin Warf aliona kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa namna hiyo aliowapokea walikuwa wameugua maambukizo. Akaeneza upasuaji wa kuwafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo, bila kulazimika kuwawekea mrija wa kudumu, kwa kuwa mrija ukiziba kijijini hakuna wa kuuzibua. Mwaka 2017 utafiti juu ya watoto wa upande wetu wa ziwa, waliotibiwa Bugando, nao ulichapishwa. Kwa hiyo tiba ipo, na kwa watu wa Mwanza iko pale mlimani tunapopaona kila siku. Kinachokosekana mara nyingi ni mapema. Ubongo uliobanwa na maji kwa miezi haurudi wote.

Basi mama anayenyonyesha atazame utosi wa mtoto: ukivimba na kukaza wakati mtoto ametulia, au macho yakielekea chini kama jua linalozama, au kichwa kikikua haraka kuliko mwili, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Ahakikishe na chanjo zimekamilika. Chanjo dhidi ya bakteria wawili wakubwa wa homa ya uti wa mgongo ziliingizwa katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2009 na mwishoni mwa 2012, nazo hutolewa bila malipo.

Na kwenu madaktari na wauguzi, nina ombi. Mtu hatii saini jambo asilolielewa. Kumwambia mzazi kwa haraka kwamba mtoto atatolewa maji, kisha kumpa karatasi, ni kumwachia mtaa umweleze yaliyobaki. Mwonyesheni kwa kidole mahali sindano itakapoingia. Mwambieni ni kiasi gani kitatoka na kitarudi lini. Maelezo hayo huchukua dakika tano.

Na wewe ndugu wa mgonjwa, una haki ya kuuliza: mnatafuta nini, majibu yatatoka lini, dawa itaanza lini. Uliza yote. Ukishajibiwa, usikunje shuka. Ngome ya ubongo haina dirisha la kuchungulia. Ina mlango mdogo mmoja, chini ya kiuno, na anayebisha hodi hapo amekuja kukusaidia.